Shahada Iko Dar es Salaam, Pombe Iko Meru

Kisimiri Juu, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru, huingia kwenye habari za taifa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Sekondari ya Kisimiri, shule ya serikali iliyoshika nafasi ya kwanza kitaifa katika matokeo ya kidato cha sita mwaka 2016, kisha ikaishika tena mwaka 2020. Ya pili ni bangi. DCEA, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, imepanda huko mara nyingi kufyeka mashamba na kuteketeza magunia, na jina la "cha Arusha" linajulikana vijiweni hadi Pwani. Mkulima anayetiwa hatiani anaweza kufungwa miaka 30.

Serikali, kwa hiyo, inaijua njia ya kwenda Kisimiri. Hupeleka mitihani, hupeleka askari. Anayekosekana ni mtu wa kukaa na kijana aliyeanza kuvuta akiwa shule ya msingi, sasa ana miaka 22, amejaribu kuacha akashindwa, na wazazi wake wanabishana kama apelekwe kwa mchungaji au kwa mganga. Kazi hiyo ni ya mshauri nasaha wa waraibu. Je, anatakiwa awe amesoma nini, wapi, kwa muda gani, na nani athibitishe kwamba anaiweza? Kwa mkoa wa Arusha, uliokuwa na watu 2,356,255 katika sensa ya 2022, majibu mengi yako mbali: Dar es Salaam, safari ya basi ya kilomita zipatazo 650.

Sababu ya umbali huo ni historia. Utaalamu wa kutibu uraibu nchini ulizaliwa na unga. Heroini ilipokita mizizi Dar es Salaam na Zanzibar kuanzia miaka ya 1990, na vijana wakaanza kujidunga na kuchangia sindano, watafiti wa Muhimbili, miongoni mwao daktari bingwa wa afya ya akili Jessie Mbwambo, walionya kwamba virusi vya UKIMWI vingesafiri kwa njia hiyo kwa kasi ya kutisha. Makadirio ya kitaifa ya mwaka 2014 yalitaja watu 30,000 wanaojidunga Tanzania Bara, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa wameambukizwa. Tayari Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa imefungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke, baadaye mikoa kama Tanga, Mwanza, Mbeya na Dodoma.

Kliniki ya aina hiyo si dirisha la dawa tu. Mgonjwa huja kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, hupimwa, na hukaa na mshauri kuzungumzia nyumba aliyofukuzwa, mtoto asiyemwona, kesi iliyoko polisi. Wauguzi na maofisa ustawi wa jamii waliifanya kazi hiyo huku wakijifunza. Upande wa pili wa bahari, Zanzibar, kuanzia mwaka 2009 zilifunguliwa nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mtaani huitwa soba hausi, zikiendeshwa na watu walioacha unga wenyewe na kufuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous na Narcotics Anonymous. Kazi hizo mbili zimerudisha uhai wa watu wengi. Aliyewahi kumwona mtu mwenye arosto, anavyotapika na kujikunja usiku kucha, hawezi kuzidharau.

Lakini mtaala uliokua kandokando ya heroini haumfai mtu wa Usa River huko Arumeru kama ulivyo.

Kaskazini kilevi kinachoongoza ni pombe, na sehemu kubwa yake ni halali. Meru na Kilimanjaro ni nchi ya migomba, na mbege ya ndizi na ulezi hunywewa kwenye posa, kwenye msiba, kwenye kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya shamba. Viwanda vya Arusha hutengeneza mvinyo wa ndizi. Gongo hupikwa kwa siri na kuuzwa bila siri kubwa. Viroba, yaani pombe kali ya pakiti, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, pakiti zilitoweka madukani, wanywaji wake wakabaki palepale na kiu yao. Juu ya hapo kuna bangi ya mlimani na mirungi, ambayo Tanzania imeiharamisha na Kenya huiruhusu kama zao la biashara, na mpaka wa Namanga uko kilomita 110 hivi kutoka jijini. Kuna pia namna fedha zinavyoingia mifukoni. Mpagazi wa mlimani hupata msimu wa neema na msimu wa kukaa. Mchimbaji wa tanzanaiti Mirerani anaweza kukaa miezi bila senti kisha akapata kwa siku moja zaidi ya alichowahi kushika maishani. Fedha za mkupuo na siku tupu ni mazingira ya hatari kwa mtu anayejaribu kuacha, na mshauri wa mitaa ya jijini kama Ngarenaro au Unga Limited anapaswa kuyajua kama anavyojua dalili za ugonjwa.

Ushahidi wa hospitali uko Moshi, kilomita 80 tu. Katika idara ya dharura ya KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, watafiti wa hapo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima majeruhi na kukuta takriban 3 kati ya 10 wana pombe mwilini. Hao ni watu wa pikipiki, wa visu, wa kuanguka, na barabara zilizowaleta ni zilezile zinazopita Tengeru na Kikatiti.

Tofauti ya kilevi si jambo dogo kwa anayepanga mafunzo. Kwa heroini ipo methadoni, na mshauri humsaidia mgonjwa huku dawa ikiwa imeshamtuliza mwili. Kwa bangi na mirungi hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kutibu uraibu wenyewe. Maneno ndiyo tiba. Mshauri akiwa dhaifu, mgonjwa hana kitu kingine cha kushika. Kwa pombe hali ni ngumu zaidi, kwa sababu dawa zipo duniani na ni nadra kuzipata zahanati: Shirika la Afya Duniani liliingiza akamprosati na naltreksoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023 tu. Na pombe ina hatari ambayo watu wengi, hata wahudumu wa afya, huigeuza juu chini. Arosto ya heroini ni mateso makubwa lakini mara chache huua. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuua. Mnywaji wa miaka mingi akikatisha, kati ya saa 6 na 48 anaweza kupata mishtuko ya kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo kupanda. Anahitaji hospitali, diazepamu kwa kipimo, vitamini B1, na mtu wa kumwangalia usiku.

Nyumba inayomfungia mlevi wa gongo chumbani wiki moja ili "imtoke", bila daktari, inacheza na maisha yake. Hili peke yake lingetosha kuwa somo la kwanza la kozi yoyote ya uzamili inayotaka kuandaa washauri wa kufanya kazi kaskazini.

Kuna pia kazi ndogondogo zinazoonekana rahisi kwenye karatasi. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kupima matumizi ya pombe ni AUDIT ya Shirika la Afya Duniani, maswali 10, na Kiswahili chake kilishafanyiwa majaribio Moshi. Swali la pili huuliza vinywaji vingapi mtu anakunywa kwa siku ya kawaida ya kunywa. Kinywaji kimoja cha kipimo, kwa hesabu ya Shirika hilo, kina gramu 10 za alkoholi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Hadi hapo sawa. Sasa mzee anasema amekunywa "debe moja, tulikuwa wanne", na mbege ile ilitengenezwa na jirani ambaye hajawahi kupima nguvu yake, na hutofautiana kutoka pipa hadi pipa kulingana na siku ilizochachuka. Gongo ni kubahatisha kabisa. Mwanafunzi aliyekariri jedwali la vipimo anakwama hapo. Aliyefundishwa vizuri huacha kuhesabu gramu na kuuliza vitu ambavyo mzee anavijua: chombo gani, kilijazwa mara ngapi, ulianza saa ngapi, nani alikurudisha nyumbani.

Hata kuuliza kwenyewe kuna ugumu wake. Chukua mfano wa binti wa miaka 26 aliyetoka chuoni na shahada yake, ameketi mbele ya mzee wa miaka 60 kutoka Poli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, naomba nikuulize mambo ya pombe, usinichukulie vibaya. Kwa wiki unakunywa siku ngapi?"

"Mimi si mlevi, mwanangu. Nakunywa na wazee wenzangu."

Hapo ndipo njia mbili huachana. Mshauri anayeanza hubishana: lakini mama amesema, lakini majirani wamesema. Mzee anafunga mdomo, maana mtoto amemkosea adabu. Mshauri aliyepikwa huenda na maneno yake:

"Kwa hiyo kukaa na wazee ni jambo lenye heshima kwako, baba. Na asubuhi yake, shambani unakwendaje?"

"Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nipate kidogo."

Jibu hilo fupi lina mambo mawili. Mzee amekiri mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba pombe imemshika. Huo ndio mlango wa mazungumzo. Na kutetemeka kwa asubuhi ni dalili kwamba mwili umeshazoea, kwamba akiambiwa "acha leo leo, baba" anaweza kuanguka kifafa kesho kutwa. Mshauri asiyejua la kwanza humpoteza mgonjwa. Asiyejua la pili anaweza kumuua. Mbinu ya mazungumzo ya namna hii, ya kumwamsha mtu atamke sababu zake mwenyewe za kubadilika, ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani William Miller mwaka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaiandikia kitabu. Inafundishika. Haifundishiki kwa mihadhara.

Basi mtu wa Arusha mwenye shahada ya kwanza, muuguzi wa hospitali ya Mount Meru tuseme, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akitaka kubobea, ana njia gani?

Njia inayojulikana zaidi ni Muhimbili. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, MUHAS, hutoa uzamili wa saikolojia tiba, na kwa aliye daktari tayari, uzamili wa miaka 3 wa afya ya akili. Hizo ni kozi za kliniki kweli. Mwanafunzi hupita wodini na kukutana na waraibu. Uraibu, hata hivyo, ni sehemu ya kozi, si kozi. Chuo Kikuu Huria, chenye kituo chake Arusha, kina uzamili wa kazi za ustawi wa jamii, unaomwezesha mtu kusoma bila kuacha ajira. Barabara ya kutoka jijini kwenda Moshi imejaa vyuo: Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru iliyoanza mwaka 1963, Taasisi ya Nelson Mandela hapohapo Tengeru, Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha huko Usa River. Majengo yapo, maktaba zipo, na vyuo viwili vya mwisho ni vya makanisa yanayopokea walevi na familia zao kila Jumapili au kila Sabato.

Nje ya nchi kuna kozi zenye jina lenyewe. King's College London, Adelaide na Virginia Commonwealth waliunganisha nguvu mwaka 2008 kufundisha uzamili wa masomo ya uraibu kwa intaneti. Chuo Kikuu cha Cape Town kimekuwa na stashahada ya uzamili ya tiba ya uraibu. Kikwazo ni ada ya fedha za kigeni, na mhadhiri ambaye hajawahi kuona mbege wala kusikia shikamoo.

Kisha kuna njia isiyopitia chuo kikuu. Mpango wa Colombo, wenye makao yake Sri Lanka, uliandaa mtaala wa kimataifa wa tiba ya uraibu kwa fedha za Marekani, na kuweka mtihani wa kuthibitisha washauri kwa ngazi. Watanzania kadhaa wameusomea kupitia semina. Jijini Nairobi chuo cha SAPTA kimejikita katika kufundisha washauri wa uraibu kwa cheti na stashahada, na kwa mtu wa Arusha Nairobi iko karibu kuliko Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu ya njia: kilomita 270 hivi. Si ajabu kwamba anayetafuta elimu hii huangalia kaskazini.

Kenya ina kitu kingine ambacho wachambuzi wa huku hukitaja kwa wivu wa haki. Mwaka 2014 Bunge lake lilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayotaka wasajiliwe na kuwajibika kwa bodi, ingawa utekelezaji ulichukua miaka. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012, hukagua na kuidhinisha vituo vya tiba. Nchini Tanzania, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mshauri wa waraibu hufanya kazi kwa kofia ya taaluma nyingine, au bila kofia. Mzazi anayempeleka mwanawe kwenye nyumba ya upataji nafuu huangalia ukuta, geti na bei. Hana cheti cha kuomba kuonyeshwa ambacho kingemwambia kama mtu aliye ndani anajua kazi.

Kwenye suala hili kuna kosa ambalo ni rahisi kulitenda: kudhani kwamba dawa ni kuzalisha wenye shahada za uzamili mpaka watoshe kila kata. Hawatatosha. Madaktari bingwa wa afya ya akili nchini ni takriban mmoja kwa kila watu milioni, na wengi wako Dar es Salaam na Dodoma. Uzamili wa miaka 2 humtoa mtu kazini, humgharimu, na mwisho wake mara nyingi hurudi kuwa mratibu ofisini. Isitoshe, vyuo vyetu hupima uzamili zaidi kwa tasnifu. Tasnifu nzuri inaonyesha kwamba mtu anaweza kukusanya madodoso 300 ya wanywaji na kuyachambua. Ni ujuzi wa maana, ila haumwambii mtahini kama mtu huyo anaweza kukaa saa nzima na mnywaji mmoja anayelia, anayedanganya, anayeahidi, kisha anarudia.

Maana kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza uraibu hukadiria kuwa kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa hurudia kutumia, kiwango kinachofanana na cha wagonjwa wa pumu au shinikizo la damu wanaoyumba kwenye masharti ya tiba. Mshauri asiyeandaliwa huchukulia kila kurudia kama kushindwa kwake, au kama dharau ya mgonjwa. Mwaka wa kwanza anakasirika, wa pili anachoka, wa tatu anahamia kazi nyingine.

Kinachomwokoa ni usimamizi. Katika nchi ambazo taaluma hii imekomaa, mshauri mchanga hukutana kila wiki na mkubwa wake wa kazi. Huleta kesi zake kwa siri, hueleza alisema nini na mgonjwa alijibu nini, wakati mwingine huleta sauti iliyorekodiwa kwa ridhaa ya mgonjwa, na mkubwa humsimamisha: hapa ulimkatiza, hapa ulimhubiria, hapa alikuambia anataka kujidhuru na hukusikia. Masaa hayo huhesabiwa na kutiwa saini, na bila hayo hakuna leseni. Hilo ndilo lililo adimu kaskazini kuliko vitabu, kuliko semina, kuliko hata dawa. Mtu anaweza kuhudhuria mafunzo ya siku tano hotelini Njiro, akapewa cheti chenye nembo nne, na asipate hata mara moja mtu wa kumsikiliza akifanya kazi.

KCMC imeshaonyesha namna nyingine. Programu yao, Punguza Pombe Kwa Afya Yako, iliyobuniwa chini ya daktari Catherine Staton wa Duke na wenzake wa Moshi, huwatumia wauguzi. Majeruhi akishatulia kitandani, muuguzi aliyefundishwa hukaa naye kwa mazungumzo mafupi ya Kiswahili, kwa mbinu ileile ya kumfanya ataje sababu zake mwenyewe, na baadhi ya wagonjwa hufuatwa baadaye kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2020 ilianza kupimwa kwa jaribio la kisayansi lenye makundi ya kulinganisha. Muuguzi huyo hana uzamili. Ana mafunzo mahususi, mwongozo, na mtu anayefuatilia ubora wa mazungumzo yake.

Hapo ndipo uzamili unapopata maana yake halisi. Kazi ya mwenye uzamili kaskazini iwe kuwasimamia wauguzi 20 wa vituo vya afya vya Arumeru, Monduli na jiji, kuchukua kesi ngumu wanazoshindwa, na kujua lini mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo. Akifunzwa kuwa msimamizi, elimu yake inafika Kisimiri. Akifunzwa kuona wagonjwa peke yake mjini, inaishia kwa wenye uwezo wa kumlipa.

Kuna kundi jingine ambalo mpango wowote ukilisahau utakuwa umejikata mguu. Nyumba za upataji nafuu zinaendeshwa na watu walioacha wenyewe. Wengi waliishia kidato cha nne, wengine hawakufika, kwa sababu miaka ya kusoma waliipoteza kijiweni. Wanajua uongo wa mraibu kwa sababu waliusema. Hawatishwi na kurudia. Mara nyingi pia hawajui dalili za hatari za kuacha pombe, na wengine huamini kwamba njia iliyowaokoa wao ndiyo njia pekee. Wanahitaji elimu, na elimu inawahitaji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza gereji na mitaani, kwa kuwapima na kuwapa cheti. Fundi wa magari akistahili hilo, mtu aliyekaa na waraibu miaka 10 anastahili pia mlango wa kuingilia: cheti, kisha stashahada, na kwa anayeweza, njia ya kupanda hadi juu.

Nchi hii ina funzo lake yenyewe hapa. Mwaka 1989, WAMATA ilipoanzishwa Dar es Salaam kwa ajili ya waliokuwa wakiishi na UKIMWI na familia zao, ushauri nasaha ulikuwa kitu kigeni hospitalini. Mwaka 2001 vikaja vituo vya Angaza vya ushauri na kupima virusi vya UKIMWI, na Julai 2007 Rais Kikwete akazindua kampeni ya kitaifa ya kupima kwa hiari. Washauri nasaha walifunzwa kwa wingi, kwa kozi fupi, na walifanya kazi kubwa ya kuwaambia watu habari nzito bila kuwavunja. Kozi zile, hata hivyo, hazikuunganishwa na ngazi ya chuo wala na muundo wa ajira wa kudumu. Upimaji ulipohamia kwa wahudumu wa afya wa kawaida na fedha za wafadhili zikaelekea kwingine, ujuzi ule ulitawanyika. Waliobaki nao wengi wanakaribia kustaafu.

Historia hiyo inaelekea kujirudia, safari hii kwa haraka zaidi. Kliniki za methadoni na sehemu kubwa ya mafunzo ya uraibu nchini zilikuwa zimebebwa na fedha za Marekani. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo iliposimamisha misaada ya nje, waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo waligundua ndani ya siku chache jinsi ajira zao zilivyokuwa nyepesi. Kozi inayolipwa na mfadhili hufa na mfadhili. Kozi iliyo kwenye kitabu cha chuo, yenye mwalimu anayelipwa mshahara na wanafunzi wanaolipa ada au kupelekwa na halmashauri zao, ina nafasi ya kuishi.

Kwa hiyo hoja ya kuanzisha stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwenye ukanda wa Tengeru na Usa River si ndoto. Inaweza kusomwa kwa wikiendi na likizo na watu walioko kazini, nusu ya alama zake zikatoka kwenye masaa yaliyosimamiwa hospitali ya Mount Meru, KCMC na kwenye nyumba za upataji nafuu zilizosajiliwa. Mihadhara inaweza kuwa ya Kiingereza kama taratibu za vyuo zinavyotaka, lakini mazoezi yote ya mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili, na kwa anayeweza, Kimeru na Kimaasai, kwa kuwa hakuna mgonjwa wa Ngaramtoni atakayelia kwa Kiingereza. Pombe iwe somo la kwanza, bangi na mirungi yafuate, heroini iwepo bila kumeza mengine.

Ugumu wa kweli uko kwenye walimu. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haiidhinishi programu ya uzamili bila wahadhiri wenye sifa za juu katika fani hiyo, na fani yenyewe haijazalisha wahadhiri wa kutosha kwa kuwa haijawa na programu. Njia ya kutoka ni kuazima: wahadhiri wa MUHAS kwa kipindi cha miaka michache, wakufunzi wa Nairobi kwa moduli za ushauri, na kwa upande wa vitendo, wauguzi wa idara ya dharura ya KCMC na waendeshaji wa nyumba za upataji nafuu, waajiriwe kama wakufunzi wa kliniki kwa masaa yao ya kazi, hata kama hakuna mwenye uzamivu miongoni mwao. Madaktari hufundishwa wodini na wauguzi wazoefu kila siku na hakuna anayeuliza shahada ya muuguzi. Chuo kitakachopeleka ombi lake TCU kwa mpangilio huo, kikiwa na barua ya makubaliano na hospitali mkononi, kitakuwa kimeshavuka nusu ya kazi.